Kabla hamjamchukua huyo mzuiaji, tazameni hatua zake mbili za kwanza

Mkuu, umeuliza kama yule mzuiaji wa futiboli ya Marekani, mmoja wa wale watano wa mbele wanaomfungulia njia mbeba mpira, kijana wa kilo 152 ambaye chuo kizima amecheza pawa na kaunta tu, yaani michezo ya kugonga na kusukuma, atawafaa San Francisco ya kocha Kyle Shanahan, timu inayokimbiza mpira kwa zoni ya nje. Umeona video yake akiwalaza watu chali, ukasema kwenye drafti, pale timu zinapochagua vijana wa vyuo kwa zamu, achukuliwe raundi ya pili bila kujiuliza. Nakujibu kama mtu aliyewahi kuwa huyo kijana, kwa ngazi ya sekondari lakini, usinicheke.

Nilifika Ohio nina miaka 15, natokea Tanga, mpira ninaoujua ni ule unaopigwa kwa mguu. Kocha aliniona kwenye korido, akanipima kwa macho, kesho yake nikapewa helmeti. Nikawa gadi wa kulia, mzuiaji anayesimama ubavuni mwa yule wa katikati. Msimu ule tulicheza mfumo wa gepu, ndimo zilimo hizo pawa na kaunta. Kila mmoja anamjua mtu wake, anamgonga ubavuni na kumsukuma ndani, kisha gadi wa upande wa pili anachomoka, anapita nyuma ya wenzake na kuja kumtoa beki wa mwisho mlangoni. Hakuna la kufikiri sana. Ukiwa mzito na una hasira, unatamba. Nilitamba mpaka nikaanza kutembea kifua mbele dukani.

Msimu wa pili akaja kocha mwingine na zoni ya nje. Huku wazuiaji wote watano wanaondoka upande mmoja kwa pamoja, kama abiria walioona daladala ya mwisho. Hulindi mtu, unalinda eneo, na atakayeingia kwenye eneo lako ndiye wako. Beki akiwa amesimama nje ya bega lako, kazi yako ni kumwahi, upeleke nyonga zako kati yake na mstari wa pembeni kabla hajajua mpira unakwenda wapi. Usipomwahi, nguvu zako zote zinabaki kumsukuma mgongoni, na mwamuzi anarusha kitambaa cha kosa. Wiki ya 3 nafasi yangu akapewa mtoto wa kilo 95 aliyetoka kwenye mieleka. Mwili wangu ulikuwa uleule, moyo uleule, na nikabeba chupa za maji mpaka Novemba.

Ndiyo maana nikisikia "mzuiaji mzuri" nauliza, mzuri wa kufanya nini? Denver ya kocha Mike Shanahan, baba yake huyu Kyle, ilikuwa na kocha wa mstari aitwaye Alex Gibbs. Alikusanya wazuiaji wepesi ambao timu nyingine ziliwaona wadogo, akawafundisha zoni, na mwaka 1998 mbeba mpira Terrell Davis akakimbia yadi 2,008 nyuma yao. Kwenye timu ya pawa, nusu yao wasingepata hata mwaliko wa majaribio.

Sasa namna ya kumtazama. Achana na video za dakika tatu, hizo ni kama picha za harusi, kila mtu kapendeza. Tafuta mechi nzima, mbili au tatu, na usimfuate mbeba mpira. Kodoa macho kwenye miguu ya kijana tangu mpira unapotoka. Hatua ya kwanza inakwenda pembeni au inakwenda juu? Mchezaji wa gepu aliyezoea kugonga huinua mguu na kuutua palepale alipoutoa, akitafuta nguvu. Kwenye zoni hiyo ni hatua iliyopotea, na hakuna wakati wa kuirudisha. Hatua ya pili ikitua, je, bega lake limeshavuka bega la beki? Halafu tazama pale wawili wanapomkabili beki mmoja: anajua wakati wa kumwachia mwenzake na kupanda kwa lainibeka, yule beki wa mstari wa pili, au anang'ang'ania kwa sababu anapenda kusukuma? Mimi niling'ang'ania. Lainibeka alikuwa anapita pembeni yangu kama ananisalimia.

Kitu kingine ni kuanguka. Mtu anayemaliza kila zuio akiwa chini, hata kama amemlalia beki, mara nyingi anategemea uzito badala ya miguu. Kwenye pawa wanamshangilia. Kwenye zoni utamkuta chini wakati mchezo unaendelea mbele yake.

Vipimo vya kambi ya majaribio visome, ila usiviabudu. Zile mbio za yadi 40 kwa mzuiaji hazina maana kubwa, tazama yadi 10 za mwanzo na zile mbio za kwenda na kurudi, ndipo nyonga zinapojulikana. Kwa teko, mzuiaji wa mwishoni mwa mstari, urefu wa mikono unahesabiwa, wengi wanataka inchi 34 hivi. (Nimeandika teko, siyo tako, ingawa kwenye mchezo huu tako nalo ni kipimo, waulize wanaosaka vipaji.) Mwaka 2018 Orlando Brown Mdogo alikimbia yadi 40 kwa sekunde 5.85 na kuinua chuma mara 14 tu, wakamcheka, akashuka hadi raundi ya tatu. Baltimore wakamchukua, wakamtumia kama ukuta, na akaitwa Pro Bowl, mechi ya nyota wa ligi. Wale wale Baltimore mwaka 2022 wakamchukua senta, yaani mzuiaji wa katikati, Tyler Linderbaum wa chuo cha Iowa, kilo 134 tu na mikono mifupi, mtoto wa zoni hasa. Watu wakasema ataliwa kwenye timu inayopenda pawa. Hakuliwa, kwa sababu alikuwa anafika kwanza. Kwa hiyo sikuambii mfumo ni kifungo. Siku hizi kila timu inachanganya, na wepesi unahamia kwenye pawa kwa urahisi kuliko uzito unavyohamia kwenye zoni. Hayo ni maoni yangu, anayepinga alete mechi.

Kwenye kumlinda kwotabeki, yule mrusha pasi, sitakaa sana. Vyuo vingi pasi inatoka haraka mno, mzuiaji hajaonja kurudi nyuma hatua nne akiwa na beki mwenye kasi ubavuni. Timu ina majaribio manne ya kupata yadi 10, basi tafuta michezo ya jaribio la tatu ikiwa zimebaki yadi 8 au zaidi, pasi inapongojewa, hiyo ndiyo mitihani yake.

Huyo kijana wako mimi ningemchukua raundi ya nne, kama gadi, tena kama kocha yuko tayari kumpunguza kilo 8 na kumvumilia mwaka mmoja. Kwa raundi ya pili hapana. Video uliyoileta ina mazuio 14, nimeyahesabu mara mbili. Kumi na moja anamshukia beki wa ndani, mawili amechomoka kwenye kaunta, na hapo kweli ni mtamu. La zoni ni moja tu, na wameikata video kabla hajafika kwa lainibeka.