Ryan gani? Barua zenu kuhusu majina ya Waairishi

Toleo lililopita nilitaja kwa kupita tu kwamba katika nyumba ya wazee ninakofanya uuguzi, hapa kaunti ya Tipperary, Ayalandi, tunao wazee watano wanaoitwa Ryan na hakuna hata wawili walio ndugu. Sikujua kama nachokoza mzinga. Barua zimekuja hadi kutoka Toronto. Leo najibu tatu, nyingine zingoje zamu zangu za usiku ziishe.

*Dada, zamani nilikuwa mkimbiaji, sasa nafuga ng'ombe hapa Iten. Bruda Colm O'Connell, aliyefika hapa kufundisha mwaka 1976 na baadaye akamlea David Rudisha, tunamhesabu wa kwetu kabisa. Lakini hiyo O' yake ni ya nini? Jirani yangu Mjaluo anaapa ni ileile ya Otieno na Odhiambo.* — Msomaji, Iten

Mwambie jirani nimecheka mpaka chai ikanipalia, lakini hapana. O ya Kijaluo inasema huyu ni mwanamume, na kinachofuata mara nyingi kinasema alizaliwa wakati gani: Otieno usiku, Odhiambo jioni. O ya Kiairishi haina habari na saa. Inasema huyu ni mjukuu wa fulani. Wenyewe huiandika Ó, yenye kijimkwaju juu. Hiyo ritifaa tunayoiweka kama ya ng'ombe ilitoka kwa makarani walioandika kwa Kiingereza. Mac nayo ni mwana wa fulani, sawasawa na bin. (Na Mc ni Mac iliyofupishwa, basi. Anayekuambia moja ni ya Waskoti na nyingine ya Waairishi usimsikilize.)

Mwanzoni ilikuwa kweli tupu. Mfalme Brian Boru aliuawa katika vita vya Clontarf mwaka 1014, na uzao wake ukaitwa Ó Briain, wajukuu wa Brian. Vitukuu walipofika walitakiwa wabadilishe, hawakubadilisha. Jina likaganda, na mpaka leo kina O'Brien ni wajukuu wa mtu aliyekufa miaka elfu moja iliyopita. Wapo waliowatangulia: Ó Cléirigh, wa kusini mwa Galway, wametajwa katika kumbukumbu za mwaka 916. Ulaya nzima majina ya kurithiana yaliyo ya kale kiasi hicho ni ya kuhesabu.

Bruda wenu ni Ó Conaill, mjukuu wa Conall. Nchi yao ni Kerry, kwenye rasi ya Iveragh inayochomoza baharini kusini-magharibi. Walikuwa walinzi wa ngome ya Ballycarbery kwa niaba ya kina MacCarthy, wakubwa wa upande huo wote. Hukohuko, mwaka 1775, akazaliwa Daniel O'Connell, wakili aliyewapigania Wakatoliki hadi mwaka 1829 wakaruhusiwa kukaa katika bunge la London. Barabara kuu ya Dublin imebeba jina lake. Sisemi Bruda ni wa nyumba hiyo. Jina moja si nyumba moja, na hilo nitalirudia mpaka mnichoke.

Kuna jambo hukuuliza, nami nakupa bure. Dada yake Ó Conaill si Ó. Msichana hawezi kuwa mjukuu wa kiume, kwa hiyo yeye ni Ní Chonaill, na mama mwenye nyumba, kama amechukua jina la mumewe, ni Uí Chonaill. Mwenzangu mmoja wa zamu ametoka nyumba ya namna hiyo, na kila Krismasi kadi zinafika zina majina matatu kwa mlango mmoja. Hapo jirani yako, mwenye Otieno na Atieno chini ya paa moja, atajisikia nyumbani kidogo.

Lakini mbona wengine hawana O? Wakuu wa kina O'Neill na O'Donnell walishindwa na Waingereza huko Kinsale mwaka 1601. Mwaka uliofuata Lord Mountjoy, kiongozi wa majeshi ya Waingereza, akalivunjavunja jiwe la Tullyhogue, walilokuwa wakitawaziwa kina O'Neill. Mwaka 1607 wakuu wenyewe wakapanda meli Rathmullan, wasirudi tena. Baada ya hapo, kujiita O au Mac mbele ya mwenye ardhi au karani hakukusaidia kitu, na watu wakaziacha kimyakimya. Mwishoni mwa karne ya 19, lugha na mila za Kiairishi zilipoanza kuonewa fahari tena, wengi wakazirudisha, wengine hawakujisumbua. Ndiyo maana utakuta Sullivan na O'Sullivan wametoka tumbo moja. Obama alipofika Dublin Mei 2011 alitania kwamba amekuja kuitafuta ritifaa iliyodondoka njiani. Utani, lakini upande wa mama yake upo: Falmouth Kearney aliondoka mwaka 1850 kutoka Moneygall, kijiji kilicho mpakani mwa Offaly na Tipperary, na kina Kearney kweli walikuwa na O, wakaidondosha.

*Mwanangu, binti yangu ameposwa na kijana wa Galway, jina lake la ukoo Burke. Mjomba mtu ameshika: mlango gani huo? Nami nimjibu nini?* — Mama, Kibokoni, Mombasa

Shikamoo Mama. Mjomba ana haki yake, na huko Galway wazee wangemuuliza binti yetu vilevile.

Burke haina O wala Mac, na hapo ndipo penye hadithi. Asili yake ni de Burgo, Wanormani, watu wenye asili ya kaskazini mwa Ufaransa waliokuwa wameiteka Uingereza. Hawa walianza kuingia Ayalandi mwaka 1169, walipoitwa na mfalme mwenyeji, Diarmait Mac Murchadha wa Leinster, wamsaidie kurudisha kiti alichopokonywa. Wakaja, wakasaidia, wakakaa. Mwaka 1235 kina de Burgo wakaiteka Connacht, upande wote wa magharibi. Karne moja baadaye, mwaka 1333, mkuu wao aliuawa akiacha mtoto wa kike tu, na wanaume wa ukoo hawakuwa tayari kuona urithi unakwenda na mume wake. Wakajitwalia nchi na kujipa cheo kwa Kiairishi: Mac William wa Juu upande wa Galway, Mac William wa Chini upande wa Mayo. Basi Mac wakaipata. Kufikia hapo walishasema Kiairishi, walishaoa kwa wenyeji na kuwalisha washairi wa Kiairishi. Mwaka 1366 serikali ya Waingereza ilitunga sheria huko Kilkenny kukataza walowezi wasiseme Kiairishi wala kuoana na wenyeji. Haikufua dafu. Sisi wa pwani hatuhitaji kufundishwa habari ya mgeni aliyekuja na upepo akageuka mwenyeji kuwashinda wenyeji.

Lakini kuna kipande ambacho mjomba atakipenda. Mji wa Galway wenyewe ulishikwa na nyumba kumi na nne za wafanyabiashara: Lynch, Blake, Joyce, Martin, Kirwan na wenzao. Huitwa Makabila ya Galway, nami kila nikipita pale hukumbuka Thenashara Taifa zetu, koo kumi na mbili za Waswahili wa Mombasa, ingawa zile za Galway zilikuwa familia tu ndani ya ukuta mmoja. Watu hao hawakuwapenda kabisa waliokuwa nje ya ukuta. Mwaka 1518 wakatoa agizo: mtu yeyote wa mji asimkaribishe nyumbani kwake, si Krismasi, si Pasaka, si sikukuu nyingine, Burke yeyote wala Mac William wala Kelly, ila kwa ruhusa ya meya na baraza. Faini pauni tano. Na hakuna O wala Mac atakayetembea kwa maringo katika mitaa ya Galway.

Kwa hiyo, Mama, mkweo ana jina la watu waliopigwa marufuku kualikwa. Mimi ningemtilia pilau mara mbili. Kisha mjomba amuulize swali moja tu, lile wanaloulizana wenyewe: Burke wa wapi? Asikubali jibu la "Galway", ataje parokia. Akisema Loughrea au Portumna, hapo ndipo walipokuwa na makao yao Mac William wa Juu, ndio hao waitwao Clanricarde. Kama babu zake walihamia kutoka Mayo, ni habari ya upande wa Chini.

*Babu yetu mzaa baba alikuwa Mwairishi aliyekuja kufanya kazi ya reli, jina lake Murphy. Tumebaki na jina na cheti cha ndoa. Nimenunua mtandaoni kikombe chenye nembo ya kina Murphy. Ndiyo yetu?* — Msomaji, Nakuru

Tuanze na jina. Murchadh, maana yake shujaa wa baharini, lilikuwa jina la kawaida la mtu, kama Juma. Kila palipokuwa na Murchadh mwenye watoto pakazaliwa kina Murphy: Ó Murchadha wa Wexford, Mac Murchadha wa Tyrone, na wa Cork, ambako leo wamejaa mpaka watoto hutajwa kwa jina la shamba. Mwaka 1890 msajili Robert Matheson alikadiria kwa kuhesabu watoto waliozaliwa kwamba Murphy walikuwa 62,600, wa kwanza nchi nzima. Bila kaunti, ndugu yangu, unatafuta chumvi baharini.

Kwa hiyo toa hicho cheti. Angalia kama kimeandikwa jina la baba yake babu na kazi yake, na dini. Ukipata hayo, nenda kwenye hesabu za watu za mwaka 1901 na 1911, ambazo hifadhi ya taifa ya Ayalandi imeziweka mtandaoni bure. Utaona nyumba nzima kwenye ukurasa mmoja: majina, umri, dini, nani anajua kusoma, nani anasema Kiairishi. Kama babu alikuwa bado mtoto wakati huo, huenda ukamkuta hapo ana miaka sita. Vizazi vyote vimesajiliwa tangu 1864. Nyuma ya hapo ni taabu, kwa sababu sehemu kubwa ya kumbukumbu za zamani iliteketea Dublin mwaka 1922, vita vilipolipua jengo la Four Courts. Iliyonusurika ni orodha ya Griffith, ya mwaka 1847 hadi 1864, inayoonyesha nani alikalia kipande gani cha ardhi na alimlipa nani kodi.

Sasa kikombe. Nembo hupewa mtu, na hurithiwa na uzao wake yeye, si na kila mwenye jina. Usijione mjinga, hata mimi nimeliwa. Mwaka wangu wa pili hapa nilimnunulia mmoja wa wazee wetu kikombe cha namna hiyo siku yake ya kuzaliwa, kimeandikwa RYAN kwa dhahabu na simba juu. Yeye ni wa Ó Maoilriain, wenye asili ya Owney, huko mpakani mwa Limerick na Tipperary. Wako pia kina Ó Riain wa Carlow, ambao ni watu wengine kabisa. Humuhumu Tipperary wamezidi mno hivi kwamba kila nyumba ina lakabu yake, huyu Ryan Mwekundu, yule Ryan wa kilima fulani. Mzee akakigeuzageuza kile kikombe, akavaa miwani, akamtazama simba, akaniuliza: "Ryan gani?"

Hajawahi kukinywea. Usiku huwekea meno yake ya bandia.