Maswali na Majibu: Nishani za Kale za Ulaya

Msomaji wa Mombasa anauliza: Nimenunua nishani ya Kifaransa ya Légion d'honneur yenye sura ya mfalme Henri IV kitovuni, ilhali taji lake ni la enzi ya Napoléon. Je, nimeuziwa bandia?

Si lazima. Napoléon Bonaparte aliianzisha nishani hiyo mwaka 1802, na taji likaongezwa mwaka 1806. Ufalme uliporejea Ufaransa mwaka 1814, sura ya Napoléon iliondolewa na mahali pake pakawekwa ya Henri IV. Waliokuwa wameipata vitani hawakutaka kuiacha, wala hawakuweza kujitokeza wakiwa wamevaa kifuani sura ya mtawala aliyeanguka, kwa hiyo wengi waliipeleka kwa sonara akabadilisha kitovu peke yake. Mimi huithamini nishani ya namna hiyo kuliko ile isiyoguswa, kwa sababu imebeba tawala mbili katika kipande kimoja cha fedha. Ichunguze kwa kioo cha kukuzia uone kama uchakavu wa kitovu unalingana na historia hiyo. Tafuta pia alama ya ukaguzi wa madini: ukikuta kichwa kidogo cha nguruwe mwitu, alama ya fedha iliyoanza kutumika Paris mwaka 1838, basi nishani ilitengenezwa, au angalau ilikaguliwa upya, baada ya hapo.

Msomaji wa Dar es Salaam: Je, sumaku inatosha kuthibitisha Msalaba wa Chuma wa Ujerumani?

Haitoshi. Msalaba huo, ulioanzishwa na mfalme wa Prussia (dola ya Kijerumani ya wakati huo) mwaka 1813 na kutolewa tena mwaka 1870, 1914 na 1939, kwa kawaida una kiini cha chuma kilichobanwa kati ya fremu mbili za fedha zilizounganishwa kwa kulehemu. Sumaku hunasa kiini hicho, lakini hunasa pia chuma cha mwigaji, na wakati huohuo ipo misalaba halisi ambayo kiini chake si cha chuma. Mahali fremu hizo zinapoungana pana ushahidi zaidi, hasa kwa msalaba wa 1813, ambao ni adimu na kwa hiyo huigwa sana.

Msomaji wa Nairobi: Niisafishe nishani kwa dawa ya meno ili ing'ae?

Nakusihi usifanye hivyo. Dawa ya meno hukwaruza fedha na kufuta alama ndogo ambazo ndizo utambulisho wake. Enameli ni kioo kilichoyeyushwa juu ya madini, na ikishapata ufa huwa haitengenezeki kwa urahisi. Wauzaji wengine huziba mapengo kwa rangi ya plastiki, ambayo kwenye kioo cha kukuzia huonekana imefifia na haina mng'ao wa kioo. Futa vumbi kwa brashi laini, kisha uuweke utepe wa hariri mbali na jua.

Msomaji wa Zanzibar: Je, nishani zote zaweza kuuzwa kihalali?

La. Nishani ya Tembo ya Denmark hurejeshwa kwa taji, yaani kwa utawala wa kifalme, aliyetunukiwa anapofariki, na vivyo hivyo mkufu wa nishani ya Garter ya Uingereza. Ukiletewa mojawapo, dai maandishi yanayoeleza ilivyotoka mikononi mwa taji kabla hujalipa chochote.