Mlimao unaonata na kuota masizi: tuanze na sisimizi

SWALI: Bwana shamba, uani kwangu Ipagala, Dodoma, nina mlimao wa miaka minne. Tangu Agosti majani yake yananata na yamefunikwa na weusi kama masizi, na sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina mchana kutwa. Nimeupulizia dawa ya mende mara mbili na kuuwekea urea, lakini hali imezidi, na malimao yanapukutika yakiwa machanga. Jirani ananishauri niukate. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, shoka lisubiri. Kwangua gome la vitawi kadhaa kwa ukucha; ukiona ubichi wa kijani chini yake, mti bado uko hai na unatibika.

Weusi huo haukuingia ndani ya jani. Futa jani moja kwa kitambaa chenye maji, nawe utaona ukijani unarudi. Kisha ligeuze na kulitazama kwa makini kando ya mshipa wa kati: yaelekea utakuta vijipele vya kahawia vilivyogandamana, ambavyo hubanduka kwa ukucha na kuacha unyevu kidogo kama ni hai. Hao ni wadudu gamba. Ukikuta weupe kama pamba iliyochambuliwa, hao ni vidung'ata. Wote hufyonza utomvu wa mti na kutoa kinyesi chenye sukari, nacho ndicho kinachonata, kinachootesha ukungu mweusi na kinachowavuta sisimizi. Kwetu huku kwenye mifugo mfano si mgumu: sisimizi ni wachungaji, nao huwafukuza nyigu wadogo na mbawakavu wenye madoa ambao wangewamaliza wadudu hao bila gharama yoyote kwako.

Dawa ya mende iliwaua walinzi wa mti, huku wadudu gamba wakijificha chini ya magamba yao. Tena haikutengenezwa kwa mti wa chakula, hivyo usiirudie. Urea nayo ilichipusha majani laini ambayo wafyonzaji huyapenda. Isimamishe kwa sasa.

Anza na sisimizi. Funga utepe mpana wa nailoni kuzunguka shina, uubane vizuri, kisha upake grisi juu ya utepe huo na si kwenye gome lenyewe, kwa kuwa grisi huweza kuliunguza. Kata matawi yanayogusa ukuta, ardhi au kamba ya kuanikia nguo, kwa sababu sisimizi akikosa njia moja hatafuti ruhusa ya kupita nyingine. Punguza pia matawi yaliyosongamana katikati na yale yaliyojaa wadudu kupita kiasi.

Baada ya hapo, changanya kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia na kijiko kidogo cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji, utikise sana, ujaribu kwenye majani machache na kusubiri siku mbili. Yasipoungua, pulizia mti mzima jioni, hasa chini ya majani, kwani mchanganyiko huu huua kwa kumgusa mdudu. Usipulizie juani wala mti ukiwa na kiu. Rudia kila baada ya siku saba hadi kumi, mara tatu. Mwarobaini, ambao Dodoma haukosekani, nao unafaa: twanga gramu 50 za kokwa za mbegu, loweka usiku kucha katika lita moja ya maji, kisha chuja vizuri. Ukilazimika kununua kiuatilifu, kiwe kimesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, kwa matumizi ya michungwa na jamii yake, na ufuate siku za kusubiri kabla ya kuvuna.

Hata hivyo, kwa malimao yanayopukutika machanga, nashuku kiu kuliko wadudu. Mti wa umri huo wakati wa kiangazi chetu unahitaji takriban ndoo mbili za lita 20 mara mbili kwa wiki, zikimwagwa chini ya ukingo wa matawi na si kwenye shina. Ncha za majani zikikauka kama zilizochomwa, chunguza maji yako, maana visima vingi vya hapa vina chumvi na mlimao hauivumilii. Matandazo ya majani makavu yatasaidia, ila yaache umbali wa shubiri moja kutoka kwenye shina, mchwa wasije wakapata daraja.

Magamba ya wadudu waliokufa hubaki kwenye majani kwa muda mrefu, kwa hiyo usiyahesabu. Pima maendeleo kwa machipukizi mapya: yakitoka bila kunata, acha kupulizia na uendelee kuitunza ile grisi tu.