Re: Sukuma wiki ya ovenini haikauki

Dada, umeuliza kwa nini sukuma wiki yako inatoka ovenini laini katikati na imeungua pembeni. Tatizo ni maji. Majani yakiingia na unyevu yanapikwa kwa mvuke badala ya kukauka yawe kama krispi. Mimi nikishaosha nayakung'uta, nayatandaza juu ya kitambaa safi hata saa nzima, kisha nafuta moja moja, hasa kwenye mikunjo. Uti wa katikati toa wote, haukauki sawa na jani.

Kwa fungu dogo, kijiko kimoja cha mafuta kinatosha. Paka kwa vidole mpaka jani ling'ae bila kudondosha. Chumvi nyunyiza mwishoni, ukiitia mapema inavuta maji. Panga yasipandane, nyuzi 150, dakika 12 hadi 15, na kuanzia ya 10 usibanduke hapo. Yakiwa tayari, ukitikisa trei utasikia yanakwaruza. Rangi ibaki kijani. Yakishakuwa ya kahawia ni machungu.

Mchicha sikushauri, jani lake ni jembamba mno, linaungua upesi. Acha yapoe kabisa kabla ya kufunika, na myale siku hiyohiyo.