Maswali na majibu: Fagio la chelewa ndani ya tone la maji

Tangu nimtaje paramesiamu kwenye safu hii, maswali yamekuwa mengi kuhusu vijinywele vinavyomsukuma. Kwa aliyechelewa: paramesiamu ni kiumbe wa seli moja anayeishi kwenye maji yaliyotuama, na vijinywele hivyo, silia, ni elfu kadhaa mwilini mwake. Kila kimoja kina unene wa robo ya mikromita hivi (mikromita ni milimita iliyogawanywa mara elfu). Unywele wa kichwani mwako unakizidi zaidi ya mara 200.

Mwalimu, shikamoo. Kitabu chetu kinasema paramesiamu hupiga silia kama makasia. Ni kweli? (Mwanafunzi wa kidato cha tano)

Marahaba. Ni nusu ya kweli. Ukiwa kwenye mtumbwi ukaacha kupiga kasia, mtumbwi huendelea kuteleza kidogo. Paramesiamu hana bahati hiyo. Urefu wake ni kama robo ya milimita, na kwa mwili mdogo kiasi hicho maji hukaba kama asali. Silia zikisimama, naye kasimama palepale.

Tena kuna balaa la pili. Kwenye mnato wa namna hiyo, ukivuta kasia nyuma kisha ukalirudisha mbele kwa njia ileile, unarudi ulikotoka, hata ukilirudisha taratibu. Mwanafizikia Edward Purcell aliieleza hali hii mwaka 1977, na tangu hapo wanaosoma viumbe wadogo hawajaacha kuitaja. Mvuvi hukwepa tatizo kwa kulitoa kasia majini. Silia haina hewa ya kupitia, kwa hiyo hubadili umbo: inaposukuma imenyooka kama mkono wa mtu anayesimamisha daladala, inaporudi imejikunja na kutambaa karibu na mwili, mahali ambapo maji yenyewe yamenatia kwenye seli na hayasogei sana. Tofauti ya mapigo hayo mawili ndiyo mwendo wake wote, na mwendo huo si haba: kama milimita 1 kwa sekunde.

Sasa nani anaikunja hiyo silia? Ina misuli ndani?

Hili ndilo swali nililolisubiri, mniwie radhi nikirefusha.

Misuli hamna. Silia ikikatwa kwa upana na kutazamwa kwa hadubini ya elektroni, huonekana jozi 9 za mirija zilizopangwa duara, na katikati mirija 2 iliyosimama peke yake. Mirija hiyo imejengwa kwa protini iitwayo tubulini. Mpangilio wa "tisa na mbili" utaukuta kwa paramesiamu, kwenye mkia wa mbegu ya kiume, na kwenye silia zinazofagia makohozi katika njia yako ya hewa.

Zamani wengine walidhani mirija ya upande mmoja hujifupisha na kuipinda silia. Sivyo. Mirija haifupiki, inapishana. Kila jozi ina safu za mikono midogo ya protini nyingine, dainini, ambayo Ian Gibbons aliitambua miaka ya 1960 kwenye silia za tetrahimena, jamaa wa karibu wa paramesiamu. Mkono wa dainini hushika jozi ya jirani, hula ATP (kemikali inayobeba nishati ya seli), huvuta, huachia, hushika tena mbele kidogo.

Je, kupishana kunaletaje kupinda? Chomoa chelewa tisa kwenye fagio la uani, uzifunge kwa nguvu upande mmoja tu. Zipinde. Utaona ncha za upande uliolegea zinapitana, nyingine zikitangulia, nyingine zikibaki nyuma. Sasa ligeuze jambo: pangekuwa na kitu kinachozilazimisha chelewa hizo kupitana huku chini zimefungwa, zingefanya nini? Hazina njia ila kupinda. Ndani ya silia, kifungo ni shina lake pamoja na viungo vya protini vinavyoshikanisha jozi na jozi.

Wala hii si nadharia tupu. Mwaka 1971 Gibbons na Keith Summers walichukua mikia ya mbegu za yule mnyama wa baharini mwenye miiba anayewachoma watu miguuni maji yakitoka. Waliidhoofisha vifungo vyake kwa kimeng'enya, kisha wakaitilia ATP. Mikia haikupinda. Jozi zilichomokana, moja ikitoka ubavuni mwa nyingine, hadi mkia ukarefuka kama antena ya redio inayovutwa. Nguvu ilikuwepo ila kifungo hakikuwepo. Mimi jaribio hili nalipenda kuliko yote ya somo hili, na sijui kwa nini vitabu vyetu vya shule hulipita kimya.

Silia huota kutoka chini kama nywele?

La, hujengwa nchani. Hapo pana kichekesho, maana ndani ya silia hamna ribosomu, yaani kiwanda cha protini, hata moja. Kila protini hutengenezwa kwenye mwili wa seli, na fundi yuko mwisho wa barabara. Mwaka 1993 Keith Kozminski na wenzake katika maabara ya Joel Rosenbaum, Chuo Kikuu cha Yale, waliona mizigo ikipanda na kushuka ndani ya silia za mwani wa seli moja, klamidomonasi. Ni misafara ya protini. Kinesini, protini nyingine ya kuvuta, huipeleka nchani kwa mwendo wa mikromita 2 hivi kwa sekunde, na dainini ya aina nyingine huirudisha, tena kwa kasi zaidi.

Chini kabisa kuna kishina chenye mafungu 9 ya mirija mitatumitatu, na ndicho kinachoamua kwamba juu zitakuwa jozi 9, si 8 wala 10.

Klamidomonasi ana silia mbili tu. Ukizikata zote, huota tena kwa muda usiozidi saa mbili au karibu yake. Ukikata moja, ile nzima hujifupisha huku mwenzake akirefuka, zikishalingana zinaendelea kukua pamoja. Mambo ya ndugu hayo!

Hana ubongo. Anajuaje kurudi nyuma akigonga kitu?

Akigonga kwa mbele, umeme kwenye utando wake hubadilika na milango ya kalsiamu hufunguka. Kalsiamu huingia ndani ya silia, nazo hugeuza mwelekeo wa kupiga. Paramesiamu anarudi nyuma, kalsiamu inatolewa, anageuka kidogo na kujaribu upande mwingine. Milango hiyo iko kwenye silia zenyewe: aliyenyolewa silia hupoteza ule mshtuko wa umeme, na zikiota anaupata tena. Ching Kung alipata paramesiamu wenye kasoro ya jeni wasioweza kurudi nyuma kabisa, akawapa jina la yule askari mdogo wa sataranji ambaye kazi yake ni kwenda mbele tu.

Kuhusu mwelekeo wa kawaida, kuna jambo la ajabu. Mwaka 1965 Janine Beisson na Tracy Sonneborn walieleza paramesiamu waliokuwa na safu za silia zilizogeuka nyuma mbele. Watoto wao walizaliwa hivyohivyo kwa mamia ya vizazi, ilhali jeni hazikuwa na tofauti yoyote. Safu mpya hufuata ramani ya safu kongwe iliyo jirani.

Bakteria nao wanazo?

Hapana. Mkia wa bakteria ni kitu kingine kabisa: hauna tubulini wala dainini, nao huzunguka kama pangaboi la boti, ukiendeshwa na injini iliyo kwenye utando wa seli. Majina yanafanana tu.

Mimi ni mhudumu wa maabara ya zahanati. Nasikia kimelea cha malaria naye ana mkia wa jamii ya silia, ila sijawahi kumwona nao. Anahusikaje hapa?

Ndugu yangu, hujamwona kwa sababu akiwa kwenye damu ya mtu hana, na wewe unamtazama amekwisha kukaushwa na kutiwa rangi. Mkia ni wa dume peke yake, na huutoa tumboni mwa mbu. Damu ikishapoa baada ya kunyonywa, seli dume moja hutoa mbegu 8 zenye mikia kwa dakika 10 hadi 15 hivi. Haitumii misafara niliyoeleza juu. Hujenga mikia yote ndani ya mwili wa seli, kisha huichomoa kwa kishindo.

Tone la damu mbichi likiachwa kwenye kioo nalo hupoa. Ndivyo Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa, alivyoiona mikia hiyo ikirukaruka mwaka 1880 kule Constantine, Algeria, akaamini kwamba anachokitazama ni kiumbe hai.

Nifanyeje wanafunzi wangu waone silia? Hadubini yetu ni ya kawaida. (Mwalimu mwenzako)

Loweka nyasi kavu kwenye maji ya bwawa siku tano au sita, usitumie ya bomba yenye klorini. Weka tone kwenye kioo pamoja na nyuzi chache za pamba, wapate vizuizi. Bila hivyo watakupita kama bodaboda. Kisha punguza mwanga, jambo ambalo wengi husahau. Wasitafute kijinywele kimojakimoja. Waangalie ukingo wa mwili: patakuwa na mmeto unaotembea, kama shamba la mpunga upepo ukilipitia.