Barua kwa mwanangu: mistari nyuma ya mlango wa stoo

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya tatu niliisomea nje, mama yako asinione uso. Swali lako ni moja na ni fupi: "Baba, nimejaribu kuacha sigara mara sita nimeshindwa. Nikihamia vepu, hizi sigara za umeme, kama ulivyofanya wewe, nitakuwa nimeacha, au nitakuwa najidanganya tu?"

Kwanza nitubu hili liishe. Kwamba unavuta nilijua. Mvutaji wa zamani huwezi kumficha kwa peremende. Lakini sikujua kama umewahi hata kujaribu kuacha, na kwa hilo nimekulaumu kimoyomoyo miaka mingi. Mara sita! Nisamehe.

Sasa hilo neno kujidanganya. Ndilo lililonikaba, maana kwenye kujidanganya na kudanganya wenzangu, mama, mimi ni fundi mwenye cheti.

Mlango wa stoo unaukumbuka, najua. Ulikuwa na miaka 9. Nilikuwa nimetangaza mezani mbele yenu wote kwamba sigara basi. Ilikuwa mara yangu ya nne kutangaza, ila zile tatu za kwanza ulikuwa mdogo mno, kwa hiyo uliniamini. Ukachukua penseli yako ya shule ukasema utanihesabia siku. Kila asubuhi kabla hujavaa viatu unakuja: "Baba, jana?" Nami najibu, "Safi." Unakwenda nyuma ya mlango, unachora mstari mmoja, mfupi kama kucha.

Siku 6 za kwanza zilikuwa za kweli. Naapa. Siku ya pili na ya tatu nilikuwa na arosto ya kutoona mbele: viganja vinatoa jasho, usingizi wa vipande vipande, hasira za bure (kile kikombe hakikuanguka chenyewe, na mama yako hadi leo anakitaja). Baadaye sana ndipo nikasoma kwamba wengi hupita njia hiyohiyo: siku ya pili na ya tatu ndizo kali kuliko zote, kisha hali inalegea kidogo kidogo kwa wiki mbili hadi nne. Laiti mtu angenidokeza. Mimi nilidhani hivyo ndivyo nitakavyoishi mpaka kaburini. Siku ya saba, kilima kikali nimeshakipanda, nikaenda nyuma ya tangi la maji nikapiga pafu mbili. Asubuhi ukaja. "Baba, jana?" "Safi." Ukachora.

Kuanzia mstari wa 7 hadi wa 16, yote ni uongo. Kisha ikaja ile jioni ya ndoo. Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya tangi, sigara nimeificha ndani ya kiganja, ncha yenye moto ikitazama ndani, kama tufanyavyo wavutaji wa kujificha. Nikasikia ndoo inatua chini. Kimya. Halafu ndoo ikainuliwa ikaondoka, na bomba sikulisikia likifunguliwa. Kesho yake hukuniuliza kitu. Ulipita moja kwa moja hadi mlangoni, ukachora mstari wa 17, ukaukandamiza mpaka ncha ya penseli ikavunjika. Mpaka leo upo. Ni mweusi kuliko wenzake wote.

Siku mbili baadaye nilitangaza mwenyewe kwamba nimeshindwa. Wewe ukasema, "Haya, Baba," ukaenda kucheza. Miaka 30 nimevuta, nimekohoa hadi kutapika, nimetengwa kwenye sebule za watu, lakini hakuna kilichonichoma kama mstari ule. Nimepaka rangi nyumba hii mara mbili, na mara zote mbili nyuma ya mlango ule nimeruka.

Ndiyo maana swali lako linanipa shida. Unaniuliza habari za kifaa, mimi nawaza penseli.

Lakini tuje kwenye kifaa. Imani yangu unaijua, mama yako ameshachoka kuisikia: anayevuta sigara si pafu, ni mkono. Piga hesabu. Sigara 20 kwa siku, kila moja nipige pafu 10, ni mara 200 mkono unapanda mdomoni. Kwa mwaka ni mara 73,000. Kwa miaka yangu 30 ni zaidi ya milioni 2. Hakuna kazi wala sala niliyoirudia mara milioni 2. Nilipobandika vile vibandiko vya nikotini begani, nikotini ilikuwa inapenya ngozini taratibu, kwa saa na saa, wakati sigara huifikisha ubongoni kwa sekunde 10 hadi 20. Na mkono je? Ulikaa tu pajani kama mgeni asiyekaribishwa. Chingamu za nikotini nazo nilizitafuna kama mtoto aliyepewa jojo, nikapata kwikwi za kuchekesha watu. Kumbe inatafunwa kidogo, kisha inabanwa kati ya shavu na fizi itulie. Karatasi ya maelezo nilikuwa nimeitupa na boksi lake.

Hapo najibishia mwenyewe: kama ni mkono tu, mbona kalamu haikutosha? Nilishika kalamu miezi miwili nikamaliza kuula mfuniko. Sawa, ni mkono na nikotini. Lakini mkono kwanza.

Vepu niliipata nina miaka 50, kwa mwenzangu wa kazini. Nilipokisoma chanzo chake nikakipenda kifaa kabla sijakijaribu: hii ya kisasa ilibuniwa mwaka 2003 na mfamasia wa China, Hon Lik, naye mvutaji, na baba yake alikufa kwa saratani ya mapafu. Nikasema huyu anajua ninachokitafuta. Chenyewe ni kitu rahisi. Betri, waya unaopata moto wanauita koili, pamba, na maji ya propilini glaikoli na gliserini yenye nikotini na ladha. Hakuna kinachoungua, kwa hiyo hakuna lami wala kaboni monoksidi.

Kosa langu la kwanza, na naomba usilirudie, nilichukua maji hafifu kuliko yote, miligramu 3 kwa mililita. Kwa aibu. Nilijiona nikichukua makali nitakuwa naendeleza ulevi. Basi nikakinyonya kifaa kutwa kama ndama, na jioni nikavuta sigara juu yake. Nilikuwa naogopa kisichostahili kuogopwa. Nikotini ndiyo kamba inayokufunga, na sisemi ni maji ya zamzam: inapandisha mapigo ya moyo na presha, na mwenye mimba asiikaribie bila kusema na daktari wake. Lakini kinachoua wavutaji hasa ni moshi. Ndani yake kuna kemikali zaidi ya 7,000, na kama 70 kati ya hizo zinajulikana kuleta saratani. Nilipopanda hadi miligramu 18 ndipo nikapumua. Na sigara unaivuta haraka haraka, hii inataka upole, uivute ukihesabu hadi tatu au nne. Wiki za mwanzo utakohoa. Pamba ikikauka utaonja kitu kama nguo iliyoungua kwa pasi; ukikionja, acha papo hapo uongeze maji, kwa sababu moto ukizidi maji yale yanazaa formaldehaidi, kemikali ya sumu.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, na hapa ndipo neno lako kujidanganya lina kazi. Miezi 8 nilitumia vyote viwili. Nilishuka kutoka sigara 20 hadi 6 na nikajipongeza hadharani. Daktari mmoja akanisikiliza, akaniambia: mzee, kwa upande wa moyo, hata anayevuta sigara 1 kwa siku anabeba karibu nusu ya hatari ya ziada aliyonayo anayevuta 20. Nusu! Nilitoka pale nimekasirika kama niliyeibiwa. Nilikuwa nimelipa sehemu kubwa ya deni, kwa akili yangu, kumbe mwenye kudai hahesabu hivyo.

Unasubiri nikuhadithie siku niliyoacha. Haina hadithi. Pakiti ilibaki na sigara 3 droo ya juu, nikasahau kununua nyingine. Baada ya mwezi hivi mama yako akazikuta zimekauka, akazitupa bila kuniuliza. Baada ya mara 11 za kuapa kwa kelele, niliacha kwa kusahau.

Ila usidhani mama yako alinishangilia. Kwa miaka 4 niliyobaki na vepu alisema neno lilelile: "Umehama chumba, nyumba hujahama." Mwaka 2019 alinikatia kipande cha gazeti kuhusu Marekani, watu wanalazwa na mapafu yaliyoharibiwa na vepu. Ni kweli ilitokea: hadi Februari 2020 walikuwa wamelazwa au kufa zaidi ya 2,800, na waliokufa walifika 68. Nilimjibu kwamba wengi wao walivuta mafuta ya bangi ya kununua vichochoroni, yaliyochanganywa vitamini E asetati, si maji ya nikotini kama yangu. Akanijibu, "Na wao walidhani wanajua walichonunua." Nilinyamaza. Bado sina jibu zuri. Kifaa chenyewe ni cha 2003, hakuna mtu aliyekitumia miaka 50 tukampime.

Mwaka huohuo 2019 lakini kulitoka utafiti wa Uingereza nilioushika kama msahafu. Watu 886 waliotaka kuacha, wote wakipewa ushauri kila wiki. Wengine wakapewa vepu, wengine vibandiko, chingamu na jamii yake. Baada ya mwaka, waliokuwa wameacha sigara kwa vepu ni 18 katika kila 100. Kwa vibandiko na wenzake, karibu 10. Nilimkimbilia mama yako na ushindi wangu. Akavaa miwani, akasoma mpaka chini, akanionyesha kwa kidole: katika hao waliofaulu kwa vepu, 80 katika kila 100 walikuwa bado wanayo mkononi mwaka ulipoisha. "Chumba," akasema.

Unajua lakini mimi kilichonifariji mle ni kipi? Si hao 18. Ni wale 82. Watu waliosaidiwa, waliopewa kifaa mkononi, wanaoulizwa hali kila wiki, na bado 82 katika 100 walishindwa. Nilikaa nikafikiri: kumbe yule mwanamume nyuma ya tangi hakuwa mnyonge kuliko watu wote duniani. Kwa hiyo hizo mara zako sita, mama, sitaki kuzisikia ukizitaja kwa sauti ile uliyoandikia.

Na nyumba nilihama, mama yako apende asipende. Nilishuka 18, 12, 6, 3, kisha maji matupu yasiyo na nikotini miezi kadhaa, kwa ajili ya mkono tu. Unaona? Mkono. Hata leo nikisimama kusubiri kitu unapanda wenyewe hadi mfuko wa shati, unapapasa, unashuka.

Sasa unataka niseme ndiyo au hapana. Nimeanza kuandika hapa nikafuta mara mbili. Nikisema ndiyo na likakudhuru jambo tusilolijua bado, nitamwambia nini mama yako? Nikisema hapana ukaendelea na moshi, hilo tunalijua vizuri mno. Kuna madaktari wa Uingereza, wanaume watupu, waliofuatiliwa tangu 1951 kwa miaka 50. Wavutaji walikufa wastani wa miaka 10 mapema. Aliyeacha akiwa na miaka 50 alirudishiwa kama 6, wa miaka 40 kama 9, na wa 30 karibu yote. Mimi nina 6 yangu nimeshaanza kuila. Wewe una 33. Hesabu ulikuwa unazipenda.

Uamuzi ni wako na nimejizuia, Mungu shahidi. Ila ukianza, usianze na miligramu 3. Na usiniletee habari za "nimepunguza". Chupa za maji yale ziweke juu kabisa, mjukuu wangu asizifikie, maana hata kidogo akikinywa ni sumu, na yakikumwagikia mkononi nawa mara moja. Siku ya pili na ya tatu nipigie, hata usiku wa manane. Mama yako simwamshi.

Nami nina swali langu, nimelibeba miaka 24. Ile jioni ya ndoo, uliniona?

Baba yako