Vidonge nameza, damu haipandi

SWALI: Shikamoo mama mkunga. Nina miaka 26, niko Tanga, na hii ni mimba yangu ya pili, ina miezi sita. Siku ya kwanza kliniki damu ilikuwa 9.1, mwezi uliofuata ikawa 8.9. Vidonge vyekundu nameza kila asubuhi na chai, sikosi. Vinanitia kichefuchefu na choo kimekuwa cheusi. Mama mkwe anasema niviache, ninywe rozela. Halafu, naona aibu kusema, nakula pemba, ule udongo, kila siku.

JIBU: Marahaba mwanangu. Kilichonishtua kwenye barua yako si choo cheusi, maana hayo ni madini ya chuma yanayobaki tumboni na hayana neno. Kilichonishtua ni hayo maneno mawili: “na chai”. Majani ya chai huyashika yale madini yasiingie mwilini, kwa hiyo kidonge unameza kweli, ila sehemu kubwa inaishia chooni. Chai isogeze mbali na kidonge, saa moja au mbili, na maziwa vilevile. Meza na maji, kisha ule chungwa. Kwenu Tanga machungwa ya Muheza hayakosekani.

Kwa kichefuchefu, hamishia usiku unapokwenda kulala, tumbo likiwa na chakula kidogo. Mimi mimba yangu ya kwanza nilikuwa navificha kwenye kopo la chumvi, nikimwambia nesi nimemaliza. Damu ikanisuta.

Mama mkwe mheshimu, lakini wekundu wa rozela si damu. Kinachosaidia sahanini ni dagaa, nyama, maharage, na matembele uliyoyakamulia ndimu. Hata hivyo, kwa damu ya 8.9 chakula peke yake hakitoshi, vidonge lazima.

Pemba sikucheki. Hamu ya udongo mara nyingi huja kwa sababu damu yenyewe imepungua. Lakini udongo nao hunasa madini ya chuma, na unaweza kuwa na mayai ya minyoo. Punguza leo, kesho tena, na umwambie nesi bila kuficha, akuangalie kama umepata dawa ya minyoo na dozi zako za SP, dawa ya kukinga malaria kwa mjamzito. Malaria hula damu haraka kuliko unavyoila pemba, basi chandarua usikiache.

Mjamzito tunataka awe na 11 au zaidi. Rudi kliniki wiki hii, usisubiri tarehe ya kadi, waamue kama dozi iongezwe, usijiongezee mwenyewe. Ikishuka chini ya 7, au ukihema umekaa tu, moyo ukienda mbio, ukizirai au ukiona damu ukeni, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Na huyo mwanao wa kwanza: vidonge viweke juu asipofika. Yeye huviona peremende, na akimeza vingi vinaweza kumuua.

Pima tena baada ya wiki nne, uniandikie namba.